Re: Kuwasha usimbaji fiche RDS kwa Terraform: USI-APPLY KWANZA

Mkuu, toa mkono kwenye kibodi. Umeuliza mambo matatu: namna ya kukwepa makosa ya usanidi kwenye wingu, skana ipi nzuri (programu ya kuyakagua makosa hayo), na kama `storage_encrypted = true` (data ihifadhiwe kwa usimbaji fiche) uliyoiongeza kwenye hifadhidata ya wateja itapita salama leo usiku kwa `terraform apply -auto-approve`, yaani Terraform, programu inayojenga mitambo ya wingu kwa kufuata faili zako, itekeleze mabadiliko bila kukuuliza. Leo najibu hilo la mwisho; skana itasubiri.

HAIPITI. RDS (huduma ya hifadhidata ya Amazon) haiwashi usimbaji fiche kwenye hifadhidata ambayo tayari ipo. Kwa hiyo Terraform inaifuta ya zamani na kuunda mpya, tupu, yenye jina lile lile. Tena haikufichi: kwenye plan (orodha ya mabadiliko inayokusudia kufanya) kuna `-/+`, yaani futa kisha unda upya, na pembeni `# forces replacement`. Ila ukiweka `-auto-approve` inachapa hayo yote na kusonga mbele bila kukuuliza. Mimi yalinikuta hayo hayo: wakati inafuta, nilikuwa nimekwenda kuchukua chai.

Na usitegemee king'ora. Anwani ile ile, nywila ile ile, programu ikaunganishwa vizuri tu. Kisha kwenye logi: `relation "orders" does not exist`, yaani jedwali la oda halipo. Nikadhani ni ruhusa za mtumiaji! Nikahangaika nazo kama fundi anayetafuta hitilafu ya taa kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Bekapu? Zile za otomatiki, usipoagiza vingine, zinafutwa pamoja na hifadhidata yenyewe. Snapshoti ya mwisho (nakala kamili ya hifadhidata kabla ya kufutwa) ingetuokoa, lakini nilikuwa na `skip_final_snapshot = true`, niliyoinakili kwa mwalimu mmoja wa YouTube. Yeye anaiweka ili `terraform destroy` isimgomee mwisho wa video. Ya kwake ni ya kuchezea, bwana! Hakutamka neno, na chini ya video watu wanamwombea baraka.

Kilichobaki ni faili la `pg_dump` (nakala ya data iliyotolewa kwenye hifadhidata) kwenye laptop ya kijana wa mafunzo, ambaye nilishamgombeza kwa kubeba data za wateja. Nilimnunulia chipsi kuku, tukayamaliza. Pengo lililobaki wahasibu walilijaza kwa kusoma jumbe za miamala ya simu, huku wakinitazama.

Siku hizi kwetu plan inahifadhiwa kwa `-out`, mtu wa pili anaisoma, na kinachotekelezwa ni faili hilo hilo. Ikionekana `-/+` kwenye chochote chenye data, hakuna apply, hata bosi anune.

Wewe sasa hivi ondoa hiyo `storage_encrypted`, weka `deletion_protection = true` (kinga ya kutofutwa) peke yake, u-apply. Usiviweke pamoja: ya zamani itafutwa kabla ulinzi haujaifikia. Baada ya hapo piga snapshoti kwa mkono, inakili ukiipa ufunguo wa KMS (huduma ya Amazon ya kutunza funguo za usimbaji), rejesha nakala hiyo iwe hifadhidata mpya, hamishia programu huko, ndipo u-import kwenye Terraform, yaani uiambie ianze kuisimamia hiyo mpya. Simamisha uandikaji wa data mpya kwenye hifadhidata kabla ya snapshoti, la sivyo utaipoteza.

Plan yako ibandike hapa tuisome. Futa nywila kwanza.