Jibu: Binti anakojoa kitandani na hataki kwenda kwa jirani

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka sita, aliyeanza tena kukojoa kitandani na kulia kila akipelekwa kwa jirani anayemwangalia jioni, anadeka tu. Huenda. Lakini akiogopa nyumba moja tu, huenda kuna mtu anayemdhulumu kingono huko, na mimi ningeacha kumpeleka huko kuanzia leo, jirani anune akitaka.

Kaeni wawili, labda ukimsuka, umuulize, "Kule huwa mnacheza nini?" Kisha nyamaza. Usimwambie "fulani alikugusa, sivyo?" Ukimtilia maneno mdomoni, kesi itayumba baadaye. Akifunguka, mwambie unamwamini na hana kosa. Usiwake mbele yake, atadhani umemkasirikia yeye.

Kama ni jambo la karibuni, usimwogeshe wala usifue chupi yake. Itie kwenye bahasha ya kaki, si plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi, halafu mwende Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au hospitali nyingine ya serikali iliyo karibu. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye. Daktari akujazie fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa. P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari, utaipata kwa polisi.

Na wazee wa ploti wakija na habari za kuyamaliza nyumbani, kataa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ya Kenya, kumdhulumu mtoto kingono ni jinai, si ugomvi wa majirani.

Hata ukiwa na shaka tu, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana.