Morris Minor inayovuta kushoto unapokanyaga breki

Ndugu, umeuliza kwa nini Morris Minor yako huvuta kushoto unapokanyaga breki, ingawa umebadilisha mafuta ya breki mara mbili. Mafuta mapya hayatibu silinda inayovuja, yaani kile kifaa cha gurudumuni kinachosukuma breki kwa nguvu ya mafuta. Inua kwa upole ukingo wa kifuniko cha mpira cha kila silinda ya gurudumu la mbele la kulia. Ukiona unyevu, huenda lainingi za upande huo (tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye viatu vya breki) zimeshalowa, na gari huelekea upande ambao breki bado inashika.

Lainingi zilizolowa usizisugue kwa msasa ukadhani zimepona. Weka mpya, kulia na kushoto kwa pamoja. Vumbi la zile za zamani huenda lina asbesto, hivyo lilowanishe kwa maji na ulifute kwa kitambaa. Kulipuliza kwa kompresa, kama nionavyo mara nyingi hapa Nakuru, ni kujitafutia maradhi ya mapafu.

Ngoma ya breki, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ikiwa na mikwaruzo inayonasa ukucha, ipeleke kwa mkerezaji pamoja na ya upande wa pili, zikerezwe kwa kipenyo kimoja. Mimi niliwahi kukereza moja tu kwa ubahili, na nilipoteremka kutoka Menengai niliushika usukani kama anayevuta ng'ombe mkaidi.

Ukishaunganisha na kutoa hewa yote kwenye mafuta ya breki, kaza skrubu ya kurekebishia kila kiatu cha breki hadi gurudumu ligome kuzunguka, kisha uirudishe nyuma kidogo, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza.