Maswali yenu: akaunti mbili, kompyuta moja, na funguo za SSH

Nina akaunti mbili za GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo), ya kazini na yangu binafsi. Nikiweka ufunguo uleule kwenye ya pili unakataliwa. Kwa nini?

Kwa sababu kwa SSH, njia salama ya kuunganishwa na seva, sote tunaingia GitHub kwa jina moja, git, na ufunguo ndio unaoiambia seva wewe ni nani. Ufunguo ukiwa na wenyewe wawili, itajuaje? Tengeneza mwingine:

`ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/kazi`

Ukiombwa nywila, usibonyeze Enter ukapita. Ufunguo usio na nywila ni mali ya yeyote atakayelipata faili hilo.

Funguo ninazo mbili na nimezisajili zote. Repo (hazina ya msimbo) ya kazini inaniambia "Repository not found", wakati kwenye kivinjari naiona.

Swali hili huja kila mara, na kila mara mwulizaji haambatanishi faili lake la config, lenye mipangilio ya SSH. Nawaomba mliambatanishe.

Repo ipo, umeingia kama mtu mwingine. SSH hutoa funguo mmoja baada ya mwingine, na seva hukubali wa kwanza inaoutambua. Ukitangulia ule wa binafsi, mlango unafunguka kwa akaunti yako binafsi na wa kazini hauguswi kabisa. Akaunti hiyo haina ruhusa, na GitHub humjibu asiye na ruhusa kwamba repo haipo, ili asijue hata kama ipo. Andika hivi kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host github-kazi
    HostName github.com
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/kazi
    IdentitiesOnly yes
```

Mstari wa mwisho ndio wengi wanaouacha. Bila huo, ufunguo mwingine uliopakiwa kwenye ajenti (programu inayokushikia funguo) unaweza kuutangulia ule uliouandika, na utarudi palepale. Kisha ielekeze repo kwenye jina hilo jipya:

`git remote set-url origin git@github-kazi:kampuni/mradi.git`

Hakikisha kwa `ssh -T git@github-kazi`. Utasalimiwa kwa jina la akaunti. Lisome jina hilo kabla ya kuniandikia.

Ufunguo wa aina gani, RSA au Ed25519?

Ed25519. Seva ya kale isiyoujua, RSA wa biti 4096. DSA, aina ya zamani, usahau, GitHub iliacha kuupokea Machi 2022.

Sasa naingia vizuri, ila komiti (mabadiliko ninayohifadhi) za kazini zinatoka na barua pepe yangu binafsi.

Ufunguo hauhusiki hapo. Jina na barua pepe ya komiti hutoka kwenye mipangilio ya Git, programu iliyo kwenye kompyuta yako. Weka miradi ya kazini kwenye folda moja, kisha kwenye `~/.gitconfig`:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Barua pepe ya kazini iandike ndani ya hilo faili la pili. Mkwaju (/) baada ya `kazi` usiusahau; bila huo, folda zilizo ndani hazihesabiwi.

Naweza kujitumia ufunguo wa siri (ule unaobaki kwenye kompyuta, si wa wazi unaosajiliwa) kwa barua pepe ili niutumie kwenye kompyuta ya nyumbani?

Hapana. Kila kompyuta iwe na wake, ili moja ikiibiwa ufute mmoja tu. Machi 2023 GitHub wenyewe walibadilisha ufunguo wa RSA wa seva yao, baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye repo ya wazi. Kama wako umeshautuma, kuifuta barua hakutoshi: uondoe kwenye akaunti leo hii, utengeneze mwingine.