Kwa Mnaoanza Kazi Mamlaka za Maji: Hesabuni Mita Kwanza

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma rasimu tatu za vijana wetu wapya, na zote zimeanzia pale pale nilipoanzia mimi: maji apewe mwekezaji au yabaki serikalini. Naomba mnisikilize kabla rasimu hizo hazijafika kwa mkurugenzi.

1. Ulizeni kwanza nani atamsimamia mwendeshaji. City Water, kampuni binafsi, ilikabidhiwa huduma ya maji Dar es Salaam Agosti 2003, kwa mkataba wa miaka 10. Sheria ya kuunda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilikuwa imepitishwa tangu 2001, lakini EWURA yenyewe ilianza kazi 2006, wakati mkataba ulikwisha kuvunjwa Mei 2005. DAWASA, mamlaka ya maji ya serikali iliyokuwa mwenye mabomba na mdai wa kodi ya kuyatumia, ndiyo iliyobaki kumsimamia mpangaji wake, City Water.

2. Msiliamini daftari la wateja ambalo hamjalitembelea mtaa kwa mtaa. Hapa niliumia. Katika mji mmoja nilipewa kazi ya kuandaa takwimu za kuanzia, ili ukusanyaji wa ankara akabidhiwe wakala binafsi, nami nikachukua idadi ya wateja kutoka kwenye kompyuta na kuiweka mkatabani kama ilivyo. Miezi michache baadaye wakala alilalamika kwamba wateja hao hawapo, ofisi ikamjibu kwamba ni mvivu, na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Ndipo msoma mita mmoja mzee aliponichukua tukazunguka naye. Alipangusa kioo cha mita kwa kidole gumba: ukungu ndani, mshale umekwama, na nyumba yenyewe imehamwa, ilhali kila mwezi ilitozwa kwa makadirio. Tulikuta nyingine, na nyingine tena. Mkataba ulivunjika, wananchi wakaendelea kununua maji kwa madumu, na takwimu zile zilikuwa na saini yangu.

3. Ankara si makusanyo. Kilichotozwa na kilicholipwa viandikwe katika safu mbili.

4. Msidhani kurudisha huduma serikalini kunafuta kosa. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji, lilikuta Tanzania imekiuka haki za Biwater Gauff, mmoja wa wanahisa wa City Water, ingawa halikuamuru fidia. DAWASCO, shirika la serikali lililochukua huduma baada ya City Water, nayo ilirithi mabomba yale yale yanayovuja na wateja wale wale wasiolipa.

Jumatatu saa moja asubuhi natoka na wasoma mita. Wenye rasimu zile tatu, njooni nazo, tuanze na ukurasa wa idadi ya wateja.