Juisi yenye bakteria hai: maswali yenu ya wiki hii

Naweka unga wa probayotiki (bakteria hai wenye faida tumboni) kwenye juisi ya pasheni halafu naichemsha iue vijidudu. Niko sawa? (Tabata)

Hapana dada, hapo unawaua na wale uliowanunua kwa hela yako. Chemsha juisi kwanza, iache ipoe kabisa mpaka iwe ya friji, ndo uweke unga, koroga taratibu, jaza chupa mpaka juu, funga. Usirudishe kwenye blenda maana unaingiza hewa, na wale wa jamii ya Bifidobacterium hewa ni sumu kwao. Na kama unatumia sodiamu benzoeti juisi isiharibike, basi ujue ile dawa haichagui kijidudu kizuri wala kibaya, ni kama kualika mgeni huku umemfungulia mbwa.

Tunda gani linafaa, ukwaju, pasheni au embe?

Embe, ukinilazimisha. Kinachowamaliza bakteria zaidi ni ukali wa juisi yenyewe. Ukali unapimwa kwa pH, namba ikishuka ukali unazidi: ndimu iko kwenye pH 2 na kitu, ukwaju na pasheni wanacheza kwenye 3 hivi, embe lililoiva sawasawa linafika 4, na juisi ikizidi kuwa kali bakteria anatumia nguvu nyingi kusukuma asidi itoke mwilini mwake mpaka anaishiwa. Ila inategemea na umemweka nani, Lactobacillus casei, rhamnosus na plantarum ni wagumu, wanavumilia hata juisi ya chungwa wiki kadhaa kwenye baridi, Bifidobacterium wengi hawafiki huko. Waswidi na kinywaji chao cha ProViva cha mwaka 1994 walifanya ujanja ninaoupenda: plantarum wa aina ya 299v wanamkuza kwanza kwenye uji wa oti mpaka uchachuke, ndo wanachanganya na juisi ya matunda. Kwa hiyo anaingia kwenye juisi ameshazoea ukali.

Niweke kiasi gani?

Usihesabu bakteria siku ya kujaza, hesabu siku ya mwisho ya kuuza. Canada ukitaka kuandika probayotiki kwenye lebo wanataka walau bilioni 1 kwa kipimo kimoja cha kunywa. Chupa yako ya mililita 300 ikibaki na milioni 1 kwa mililita una milioni 300 tu, hujafika. Ukianza na milioni 100 kwa mililita, hata wakifa tisa kati ya kila kumi bado una bilioni 3, hapo unalala usingizi.

Chupa zimevimba, ndo bakteria wanafanya kazi?

Mwaga. Casei na rhamnosus kwenye joto watakula sukari waichachushe juisi, lakini gesi nyingi namna hiyo mara nyingi ni hamira ya porini imeingia. Niliwahi kusahau chupa 12 za nanasi kwenye buti la gari kutwa nzima, Dar hii hii, ya kwanza kuifungua ikafoka mpaka kwenye dari na shati likabaki na alama mpaka leo. Baridi ya digrii 4 mwanzo mwisho, na boda awe na kibegi cha barafu.

Dukani kuna vinywaji vya probayotiki vinakaa shelfu bila friji, kweli vinaishi?

Vingine kweli. Tafuta jina Bacillus coagulans, yule anajifungia kwenye gamba gumu kama mbegu, joto na asidi anavumilia, akifika tumboni ndo anaamka. Kama hakuna jina la bakteria kabisa, mi sinunui.

Kwa nini nisinywe mtindi tu?

Kunywa! Wamama wa Mabatini, Mwanza, walianza tangu 2004 kutengeneza mtindi wenye rhamnosus wa aina ya GR-1, na maziwa yanawabeba hawa wadudu vizuri kuliko juisi. Juisi ni ya sisi ambao tukigusa maziwa tumbo linanguruma kama daladala bovu.