Nani hulipia taa za barabarani Nairobi?

SWALI: Nikinunua tokeni za stima nakatwa pesa za REP. Je, hizo ndizo zinazolipia taa za barabarani? Na mbona za mtaani kwetu huwaka hadi mchana?
Msomaji, Kayole

JIBU: La. REP, asilimia 5, ni ya kusambaza umeme vijijini. Bili ya taa za mitaa Kenya Power huipelekea kaunti, nayo hulipa kutoka bajeti yake: mgao wa serikali kuu, ada za maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi.

Bili yenyewe si mchezo. Taa ya sodiamu ya wati 250 hula karibu wati 280 ukijumlisha balasti, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye taa. Usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima, yaani saa 4,380, kwa hiyo taa moja humaliza uniti 1,226 hivi. LED ya wati 100 humaliza 438.

Kuwaka mchana huongeza bili maradufu, na mara nyingi chanzo ni kifaa kidogo sana: kihisi cha mwanga. Kikifunikwa na vumbi au kinyesi cha ndege, hudhani bado ni usiku. Ikiwa safu nzima inawaka, fundi wa kaunti akague sanduku la swichi. Huenda kontakta, swichi inayowasha na kuzima safu yote, imeungua na kugandana, haiachii tena. Ikiwa ni moja tu, tatizo liko juu ya nguzo hiyo. Unaporipoti kwa kaunti, taja namba ya nguzo. Fundi asiyeijua hupoteza siku akizunguka.