Turbo ya Land Rover Ikivuja Oili, Usikimbilie Kununua Nyingine

Ukiwa na Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi, zile zilizoanza kutoka mwaka 1994, ipo siku utafungua boneti ukute turbo imelowa oili, au utazame kioo cha pembeni uone moshi wa bluu unakufuata. Fundi wa kwanza utakayemwonyesha huenda akakuambia turbo imekufa, tafuta nyingine. Nimeendesha na kutunza magari haya kwa miaka mingi hapa Arusha, na ninachokuomba ni kimoja: kabla hujatoa pesa, tafuta ni wapi oili inazuiwa kurudi kwenye injini. Turbo nyingi zinazoondolewa hazina ubovu wowote.

Ndani ya turbo kuna shafti moja. Upande huu ina feni inayosukumwa na moshi wa ekzosi, upande wa pili feni inayovuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Wengi hudhani mle ndani kuna sili ya mpira kama ile ya krenki. Hakuna. Kuna viringi vidogo vya chuma, na vinasaidiwa na presha ya hewa na ya moshi kutoka pande zote mbili. Oili inaingia kwa nguvu kupitia paipu nyembamba, halafu inashuka kwa uzito wake yenyewe kupitia paipu nene hadi kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Hakuna pampu ya kuivuta. Ni kama sinki lililoziba: maji yatafurika hata bomba likiwa jipya.

Anza kwa kuosha. Chukua brashi na mafuta ya taa, safisha turbo, paipu zake na ubavu wote wa injini, kausha vizuri kabla ya kuwasha, kisha endesha safari fupi urudi uangalie kwa tochi. Kava la tapeti, yaani kifuniko cha juu ya injini, likivuja, oili inateremka na kulowanisha kila kitu kilicho chini, turbo inasingiziwa. Ukinyunyiza poda ya watoto sehemu iliyokauka utaona mchirizi unapoanzia. Kama ni kwenye bolti ya paipu nyembamba, badilisha washa za shaba zote mbili, usirudishe za zamani. Kama ni kwenye paipu nene, weka gasketi mpya, na tafadhali mkataze fundi kupaka silikoni hapo. Inayobaki ndani hukatika vipande na kuziba njia ileile unayotaka iwe wazi.

Ukiwa umeifungua paipu nene, ichungulie. Gari linalozimwa likiwa bado la moto, baada ya kupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu kwa mfano, huacha oili iungue ndani ya turbo na kugeuka masizi magumu. Masizi hayo hushuka na kuganda kwenye paipu. Safisha kwa waya na mafuta ya taa hadi uone mwanga upande wa pili, na hakikisha haikukunjwa.

Sasa pumzi ya injini. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, maana mafundi wengi hapafiki kabisa. Kwenye 300Tdi kuna kopo la kutenganisha oili na mvuke, limekaa kwenye kava la tapeti, na mpira wake unaenda kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Likijaa uchafu, presha inabaki ndani ya injini na kuizuia oili ya turbo isishuke. Jirani yangu alifunga turbo ya mtumba, moshi ukabaki vilevile. Kopo hilo lilipooshwa na mpira wake uliolainika kubadilishwa, moshi ulikata. Litoe, lioshe, likauke, badilisha oringi yake, yaani ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja, rudisha.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu, kiweke juu ya tundu kichwa chini. Kikichezacheza kidogo ni sawa. Kikirushwa, na moshi unatoka kwa mapigo, injini inapumua: ringi za pistoni zimechoka, na hakuna turbo mpya itakayoponya hilo. Angalia pia dipstiki. Oili iliyozidi alama ya juu inaleta shida hiyohiyo.

Chujio la hewa nalo lisisahaulike, hasa kwa anayetoka barabara za vumbi za Serengeti. Likiziba, feni inavuta kwa nguvu mahali hewa haipiti, na inachokipata ni oili kutoka kwenye viringi.

Yote hayo yakiwa safi ndipo uipime turbo yenyewe, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Toa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo juu na chini usishtuke, nafasi ile ndiyo inayojazwa na oili. Ukiivuta ndani na nje usisikie mchezo. Izungushe huku ukiisukuma pembeni: mapanga ya feni yakigusa nyumba yake, hapo sawa, turbo imekwisha.

Utando wa oili kwenye mipira ya hewa ni wa kawaida kwa sababu ya ule mvuke. Oili ya kumwagika si ya kawaida, na ina hatari kubwa. Ikijaa kwenye intakula, yaani kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, injini inaweza kuanza kuichoma kama dizeli na kupandisha mzunguko yenyewe. Kuzima swichi hakutasaidia, kwani swichi hukata dizeli ya pampu tu. Weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi hadi injini izimike. Usizibe mdomo wa hewa kwa kiganja. Kwa hiyo, ukimaliza matengenezo, toa intakula uioshe na uikaushe kabisa kabla ya kuwasha.

Ukifunga turbo, mpya au ileile, mimina oili safi kwenye tundu lake la kuingizia. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu ya dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe waya na kuwasha. Iache ingurume dakika chache bila kukanyaga. Mimi humwaga oili kila kilomita 5,000, na nikitoka mlimani naacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.